KILA KIUMBE NA MAKAO YAKE



Je, umepata kujiuliza kwa nini mbu huwasumbua sana watu wa bonde la Rutshuru, lakini ukipanda juu milimani kwenye baridi huwaoni wengi? Kwa nini ng'ombe hustawi katika malisho ya Masisi, wala si katika msitu mzito wa Walikale? Kwa nini Ziwa Tanganyika lina mamba, na Ziwa letu la Kivu halina? Watu wengi hujibu, "Ndivyo ilivyo," kisha hunyamaza. Lakini maswali haya si ya watoto wa shule tu. Mtu akijua kila kiumbe kinakaa wapi, na kwa nini kinakaa hapo, amepata ufunguo wa kujilinda yeye na watoto wake. Maana magonjwa mengi huletwa na viumbe hai, na kila kimoja kina makao yake.

MUNGU AMEWEKA MIPAKA

Soma Zaburi ya 104 nyumbani mwako. Humo utaona jinsi Mungu alivyowapa ndege miti yao, na wanyama wa milimani majabali yao. Simba hutoka usiku, na mwanadamu hutoka mchana kwenda kazini kwake. Hakuna kiumbe kilichoachwa kitangetange. Kila kimoja kinahitaji joto lake au baridi yake, maji yake, chakula chake, na mahali pa kuzalia. Akikosa hayo atakufa, au atahama, au hatazaa.

Tena mipaka hiyo si ya namna moja. Wengine huzuiwa na baridi, wengine na maporomoko ya maji, wengine na msitu au mbuga. Wataalamu wa viumbe hutumia miaka mingi kuichunguza mipaka hii. Sisi wa Kivu tunaweza kuiona kwa macho yetu, kwa kuwa nchi yetu ina ziwa, bonde, msitu na milima mirefu, vyote karibu karibu.

NGAZI YA MLIMA

Simama Goma, kando ya ziwa. Uso wa maji uko kama mita 1,460 juu ya bahari. Hapa na mashamba ya karibu tunaona migomba, maharagwe, mihogo na kahawa. Sasa inua macho utazame Nyiragongo, wenye mita 3,470, na nyuma yake Mikeno na Karisimbi. Karisimbi unafika mita 4,507.

Mtu akipanda milima hiyo, ni kama anapanda ngazi, na kila kipandio kina wenyeji wake. Kwanza huacha migomba nyuma, kwa kuwa mgomba hupenda joto. Mahali pake pana viazi vya mviringo, kabichi na pareto. Kisha huingia msituni. Akizidi kupanda hukuta mianzi mingi. Juu ya mianzi kuna miti mikubwa iliyofunikwa na kuvu na nyasi za ukungu, tena juu zaidi mimea ya ajabu yenye vichwa vikubwa, isiyoota kabisa chini kwetu. Mwishoni ni mawe, nyasi fupi na baridi kali. Kileleni pa Karisimbi pengine huonekana weupe wa barafu, na watu husema jina lake latokana na weupe wa simbi.

Katikati ya ngazi hiyo wanakaa gorila wa mlima. Chakula chao ni majani mabichi, na machipukizi ya mianzi kwa majira yake. Duniani kote wapo mahali pawili tu: katika milima hii ya Virunga, inayogawanywa na Kongo, Rwanda na Uganda, na katika msitu wa Bwindi nchini Uganda. Hesabu iliyotangazwa baada ya kuwahesabu mpaka mwaka 2018 ilikuwa 1,063. Kwa ajili yao kwanza ilianzishwa hifadhi mwaka 1925, ikaitwa kwa jina la Mfalme Albert, nayo ndiyo Hifadhi ya Virunga ya leo. Vivyo hivyo okapi hupatikana Kongo tu, katika misitu ya bonde kama Ituri. Wazungu hawakumtambua mpaka mwaka 1901, lakini Wambuti walimjua tangu zamani.

Fikiri jambo hili. Gorila hawezi kuhamia Sahara, na okapi hawezi kuhamia Karisimbi. Makao yao yakikatwa ili kupata makala na kuni, hawana kwingine. Na sisi wenyewe tukikata miti ya mlimani, mvua huja kuuondoa udongo wa mashamba. Makao ya kiumbe mmoja yakiharibika, jirani yake naye huumia.

ZIWA LISILO NA MAMBA

Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, maji ya upande wetu yalielekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward. Ndipo volkano za Virunga zikainuka na kuiziba njia kama ukuta. Maji yakajaa, yakapanda, hata yakapata njia mpya upande wa kusini, ndiyo mto Ruzizi ushukao mpaka Tanganyika. Lakini Ruzizi hushuka kwa maporomoko makali, na samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda. Basi Kivu likabaki kama nyumba iliyofungwa milango miwili. Tanganyika lina aina za samaki zaidi ya 200. Kivu lina aina zisizofika 30.

Tena kuna jambo jingine. Ziwa Kivu lina kina cha mita 485 mahali pake pa chini kabisa, lakini samaki hukaa juu tu. Kuanzia kina cha kama mita 60 au 70 kwenda chini hakuna hewa ya kupumua. Kumejaa gesi itokayo chini ya ardhi. Samaki akishuka huko atakufa. Maji ni mengi, lakini sehemu inayoweza kulisha samaki ni tabaka la juu peke yake.

Na sambaza je, ambao mama zetu huwanunua kila siku? Hao si wenyeji. Ni samaki wadogo wa Tanganyika, walioletwa Kivu na watu mwaka 1959. Katika maji mapana ya katikati hapakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo viogeleavyo humo, kwa hiyo wakapata chakula, wakaongezeka. Leo sambaza ni msaada mkubwa kwa watoto wetu. Mama mwenye mtoto anayevimba miguu, mwenye nywele nyekundu na uso wa huzuni, asimpe ugali wa muhogo mtupu. Amlete kwanza kituoni apimwe. Kisha nyumbani asage sambaza wakavu, atie katika uji au mboga ya sombe. Mwili wa mtoto hujengwa kwa samaki, maharagwe, mayai na karanga, wala haujengwi kwa muhogo peke yake.

Ukienda kaskazini mpaka Vitshumbi, kando ya Ziwa Edward, utaona viboko majini. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi ile walihesabiwa zaidi ya 25,000. Ikaja vita na ujangili, wakapungua hata wasifike 1,000. Wavuvi nao waliumia, kwa sababu mavi ya kiboko hurutubisha maji na kulisha vidudu ambavyo ni chakula cha samaki. Unaona, ndugu? Aliyemwua kiboko kwa nyama ya siku moja, alipunguza samaki wa miaka mingi.

MAZUKU: MAHALI PASIPOKAA KIUMBE

Sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili huua watu hapa Goma na kandokando yake. Kuna mabonde madogo na mashimo katika mawe ya volkano, hasa upande wa magharibi kuelekea Bulengo na Sake, ambapo hewa mbaya hutoka ardhini. Watu huyaita mazuku. Mbuzi akiingia humo huanguka. Mtoto akiingia kutafuta kuni, huanguka.

Wengine husema ni pepo au uchawi, wakamshitaki bibi kizee wa jirani. Ndugu yangu, usimtie mwenzako damu mikononi kwa jambo asilolijua. Mazuku ni gesi, ileile itoayo mapovu katika chupa ya soda. Haina rangi, na mara nyingi haina harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Kwa hiyo hutiririka kama maji na kujaa mahali pa chini. Usiku na asubuhi mapema, kabla upepo na jua havijaitawanya, huwa nyingi zaidi. Ndiyo sababu mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama, na mtoto mfupi au mtu aliyeinama akafa mahali palepale.

Viumbe wenyewe hukuonya. Ukiona shimo lenye ndege waliokufa, panya, mijusi au wadudu, ujue hapo si makao ya mtu. Ondoka upesi, panda juu. Watoto wasichezee humo, wala mtu asilale humo, wala asijenge nyumba kabla ya kuuliza wenyeji na Kituo cha Kuchunguza Volkano cha Goma. Na ukiona mtu ameanguka ndani, usishuke kumfuata, hata akiwa mwanao. Ni neno gumu kwa mzazi, lakini ukishuka mtakuwa maiti wawili. Ita watu, tupa kamba, mvute kwa mti mrefu au kulabu kutoka juu. Akiisha kutoka, mlaze penye upepo. Kama hapumui, ajuaye kumpulizia pumzi afanye hivyo, kisha apelekwe hospitali.

MBU NA BARIDI

Katika viumbe vyote vya nchi yetu, anayewaua watoto wengi si simba wala nyoka, bali mbu. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, alipokuwa India, alimpasua mbu akamwona ndani yake mdudu wa malaria. Tangu hapo tumejua kwamba malaria haiji kwa maembe, wala kwa mvua, wala kwa upepo. Huja kwa mbu jike aumaye usiku.

Sasa, mbu huyu ana mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni maji: hutaga mayai katika maji yaliyotulia, hasa vidimbwi vidogo vipigwavyo na jua. Mpaka wa pili ni joto. Mdudu wa malaria akiisha kuingia tumboni mwa mbu huhitaji siku nyingi za joto ili akomae. Hewa ikiwa chini ya digrii 16 au 18, hakomai, na mbu hufa kwa uzee kabla hajawa na sumu ya kumpa mtu. Kwa hiyo malaria ni nyingi sana Walikale na katika bonde la Rutshuru, ipo Goma, tena hupungua kadiri upandavyo milimani.

Usifurahi upesi, wewe mtu wa mlimani. Hapo pana mtego. Mtoto wa bondeni, aliyeumwa na malaria mara nyingi akapona, mwili wake hujifunza kidogo kupigana nayo. Mtoto wa mlimani hakujifunza. Akishuka na mama yake kwenda kuuza viazi au kumtembelea shangazi, akalala usiku mbili tatu bila chandarua, atarudi nyumbani mzima. Baada ya wiki moja au mbili homa humshika. Watu wa nyumbani husema, "Hapa hapana mbu, hii si malaria," wakampa majani ya kienyeji. Siku ya tatu mtoto hutetemeka mwili mzima, macho yakageuka, na wanapomfikisha hospitali damu yake imekwisha. Wauguzi wa Kivu wanaijua sana habari hii. Basi mganga akikuuliza, "Mlisafiri wapi mwezi huu?" usikasirike kwamba anaingia mambo yako. Swali hilo huokoa maisha.

Tena mipaka ya mbu huhama. Huko Kigezi, Uganda, katika nchi ya milima kama yetu, watu walikata mafunjo ya mabondeni ili walime. Mafunjo yalikuwa yakifunika maji kwa kivuli; yalipoondolewa jua lilipiga vidimbwi, na mbu wa malaria wakawa wengi zaidi karibu na mashamba yale. Nasi Goma twaweza kumwalika mbu mlangoni. Mawe yetu ya volkano hunywa maji ya mvua upesi, lakini mashimo ya matofali, mitaro iliyoziba na bidoni zisizofunikwa huyashika. Usimjengee adui nyumba, kisha ukalia kwamba amehamia.

MBUNG'O, KONOKONO NA NZI WA MTO

Niseme kwa kifupi juu ya wengine watatu.

Mbung'o hupenda vichaka na kivuli cha joto kando ya mito na maziwa, wala hastawi katika nyanda za juu zenye baridi. Hiyo ni sababu moja ng'ombe wa Masisi huneemeka. Kuanzia mwaka 1900 mbung'o walieneza malale katika mwambao wa Ziwa Victoria, Uganda, na watu zaidi ya 200,000 walikufa. Serikali ikalazimika kuwahamisha walio hai kutoka kando ya ziwa.

Konokono wadogo wa maji wanaobeba kichocho hukaa mahali penye maji ya polepole na majani. Kando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria ugonjwa huu ni mwingi sana. Mtu huupata anapooga au kufua; nao huurudisha majini kwa kujisaidia humo. Konokono hawezi kukupa kichocho asipopewa kwanza na mtu. Choo cha kila nyumba huvunja mnyororo huo.

Nzi mdogo mweusi aletaye upofu hutaka mto uendao kasi. Aina moja ya nchi zetu hulea watoto wake juu ya migongo ya kaa wa mtoni, ndani ya msitu. Kama mnaishi karibu na mito hiyo, na wagawa dawa wa ivermectini wakaja kila mwaka, mumeze, hata kama macho yenu bado ni mazima.

KIPINDUPINDU NA MAWE YA GOMA

Nilisema mawe yetu hunywa maji. Kwa hiyo Goma haina vijito wala visima vya kutosha, na watu wengi hushuka ziwani na bidoni zao. Mawe hayo hayo ni magumu kuchimbwa choo. Hapo kidudu cha kipindupindu hupata makao mema: uchafu wa mtu hufika kwenye maji, na maji hurudi kinywani mwa mtu.

Mwaka 1994, mwezi wa saba, zaidi ya watu nusu milioni walikimbia kutoka Rwanda wakafika Goma kwa siku chache. Hapakuwa na maji safi wala vyoo. Katika mwezi wa kwanza walikufa kama 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Makaburi hayakuweza kuchimbwa katika mawe. Wakubwa wetu waliokuwako hawawezi kusahau. Nao ugonjwa huu hurudi bado kando ya maziwa yetu, hasa vita vinapowasukuma watu katika kambi.

Lakini kidudu hiki ni dhaifu mbele ya mtu mwenye bidii. Klorini humwua. Moto humwua. Sabuni humfukuza mikononi. Na mgonjwa akinyweshwa mapema, wengi sana hupona. Maji ya kunywesha hutengenezwa hivi: maji safi litre moja, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Mpe kidogo kidogo bila kuacha, huku mkimpeleka kituoni.

MIMEA ILIYOTOKA MBALI

Usidhani kila kigeni ni kibaya. Muhogo, mahindi, maharagwe na viazi vyetu vilitoka Amerika. Ndizi asili yake ni Asia. Kahawa ya arabika ilitoka Ethiopia. Miti ya mikaratusi ilitoka Australia. Wengi wetu hudhani ni mimea ya babu zetu, kumbe ni wageni waliokaribishwa.

Kati ya wageni hao wamo waganga. Mti wa kinini ni wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Ulihitaji baridi ya kadiri na mvua, na mahali penye hali hiyo ni pachache duniani. Uliletwa Java, ambako mashamba yake yalitosheleza karibu dunia yote. Mwaka 1942, wakati wa vita kuu, Wajapani waliiteka Java, na dawa ikapungua. Milima ya Kivu ilionekana inafanana na ile ya Andes. Mti ukastawi huku, na Bukavu pakawa na kiwanda cha kinini. Pareto nayo ni ua la Ulaya lipendalo baridi ya nyanda za juu, na sumu yake huua wadudu. Watu wakajifunza kutengeneza dawa ya kuiga sumu hiyo, nayo ndiyo inayotiwa katika vyandarua. Na dawa kubwa ya malaria leo hutokana na mmea wa China, artemisia. Mama Tu Youyou aliyeichunguza alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Mimi humsifu Mungu kwa jambo hili. Ugonjwa wa nchi ya joto ameuwekea dawa katika milima ya baridi, ng'ambo ya bahari, ili mataifa yahitajiane.

Lakini sikiliza onyo: usichemshe majani ya artemisia nyumbani ukadhani umemtibu mtoto. Kiasi chake hakipimiki katika sufuria, na malaria isiyokwisha vizuri hurudi na nguvu. Tumia dawa uliyopimiwa kituoni, uimalize.

MWANADAMU HUVUKA MIPAKA

Kiumbe avukaye mipaka yote ni mwanadamu. Yuko barafuni na jangwani, juu na chini. Naye husafiri na mizigo asiyoiona. Kuanzia mwezi wa 8 mwaka 2018 mpaka mwezi wa 6 mwaka 2020, Ebola iliwashika watu 3,470 katika upande wa Beni, Butembo na Ituri, ikawaua 2,287. Mwezi wa 7 mwaka 2019 ilifika Goma pamoja na msafiri. Haikuenea mjini, kwa kuwa wagonjwa walitengwa, waliowagusa wakachanjwa, na watu wakanawa mikono.

Ugonjwa huo hudhaniwa kutoka kwa popo wa msituni. Kwa hiyo mnyama uliyemkuta amekufa msituni usimguse wala usimle. Na mzigo huo huenda pande zote mbili. Mafua yetu huweza kumwua gorila. Ndiyo maana anayekohoa hakubaliwi kwenda kuwatazama.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kila mtu alale chini ya chandarua chenye dawa, kwanza mama mjamzito na watoto wadogo. Ukisafiri bondeni, kikunje ukichukue. Ni chepesi kuliko jeneza.
2. Mtoto akiwa na homa, apimwe damu siku hiyo hiyo au kesho yake. Akishikwa na degedege, asipoweza kunyonya au akitapika kila kitu, usingoje hata kuche.
3. Mama mjamzito ahudhurie kliniki, apewe dawa ya kukinga malaria.
4. Kila Jumamosi mwaga maji yaliyotuama karibu na nyumba, funika bidoni na mapipa.
5. Maji ya kunywa yatiwe klorini au yachemshwe. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.
6. Wafundishe watoto wako mahali pa mazuku, kama unavyowafundisha njia ya shule.
7. Ukiugua, mwambie mganga ulikotoka safari.

MAKAO YETU WENYEWE

Ndugu msomaji, wengi wetu hapa Goma tumepoteza makao. Volkano iliwatoa watu nyumbani mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Vita vimewatoa wengine mara nyingi zaidi ya hapo. Pengine unasoma karatasi hii ukiwa kitandani hospitalini, au chini ya turubai, ukijiuliza mahali pako ni wapi. Ndege ana kiota na gorila ana mianzi yake. Na wewe je?

Bwana Yesu mwenyewe alijua maana ya kukosa mahali pa kulaza kichwa. Tazama Mathayo 8:20. Alikimbizwa Misri akiwa mtoto mchanga, mkimbizi mikononi mwa mama yake. Haoni aibu kuketi karibu nawe. Alituahidi makao kwa Baba yake, ambayo moto hauyafikii; soma Yohana 14. Mtu wa mlimani na wa bondeni, wa msituni na wa mjini, wote wamealikwa, wala hakuna mpaka wa joto au baridi.

Lakini hata tufike huko, tumepewa nchi hii tuitunze na watoto hawa tuwalinde. Usiombe usiku kwa ajili ya mtoto wako, ukaacha chandarua kimekunjwa sandukuni. Omba, kisha ukitundike.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa nini mtoto wa mlimani huumia zaidi akipata malaria?
2. Karibu na nyumba yetu, ni wapi maji yanapotuama?
3. Mtu akianguka katika mazuku, tufanye nini, na tusifanye nini?
4. Katika chakula tulichokula leo, ni mimea gani iliyotoka nchi ya mbali?
5. Ni nani katika jirani zetu amepoteza makao, nasi tunaweza kumpa nini wiki hii?